Bakuli la Miaka Mia

Jumatatu, 2 Juni 2003

Mawe yote ndani ya hii makumbusho ya Kitengela nimechonga mimi, mikono yangu miwili!

Uongo. Mimi nafagia. Kwa mawe mia na kumi na mawili, langu ni moja tu, na hakuna anayejua. Ni lile bakuli jeusi la dirishani. Kadi inasema: Bakuli la mizimu, kutoka kijiji cha Tabaka, zaidi ya miaka mia. Mizimu gani? Nilichonga 1994, jikoni kwangu. Nikapaka mafuta ya ng'ombe, nikaliweka juu ya moshi mwezi mzima, nikamuuzia mchuuzi wa Namanga. Nikasema ni la babu. Babu alichunga mbuzi, hata mwiko hakuchonga!

Nilipoajiriwa hapa nikalikuta kwa kioo — karibu nilisalimie sopa, kama Wamaasai.

Jumatano, 4 Juni

Keziah, mwenye makumbusho, amefurahi sana. Ijumaa anakuja mwalimu wa chuo kikuu, Wamalwa, kulipima bakuli. Akikubali, picha ya bakuli itakaa mbele ya kitabu chake. Akigundua, Keziah atachekwa kote, hata Kajiado. Na mimi nitafunga virago — kazi na chumba cha kulala ni kitu kimoja.

Opiyo, yule wa kuzungusha wageni, leo ameambia watoto wa shule kwamba bakuli liliita mvua. Mmoja akalia. Nikauma mti wa fagio nisicheke.

Chakula hakishuki.

Alhamisi, 5 Juni

Nimesema! Asubuhi, Keziah akinywa chai. Nilikuwa naangalia ndoo, si yeye.

Hakuamini. Alidhani natafuta sifa — kwa vile mimi ni mimi, sikumlaumu. Nikamwambia aoshe chini ya bakuli. Kwetu mwanamume anachonga, mwanamke anasugua. Lakini mwaka ule mke wangu alikuwa amerudi kwao kwa sababu ya mdomo wangu, nikasugua mwenyewe, na msasa wa mbao. Mikwaruzo iko, na inazunguka kushoto, maana mimi natumia mkono wa kushoto.

Akaleta maji moto na sabuni. Akaosha mwenyewe, polepole. Mikwaruzo ikatokea kama makucha ya paka.

Akakaa chini. Nikaanza kuhesabu vitu vyangu kwa akili: blanketi, sufuria, redio. Halafu akaniuliza kama mke alirudi. Nikasema alirudi, akaona hilo bakuli, akaniambia hata mtoto angesugua vizuri kuliko mimi. Keziah akacheka mpaka machozi.

Akapangusa macho. Akasema, "Mzee Ombati, ungeniambia Jumamosi ningekufukuza. Umeniambia Alhamisi."

Basi! Nimekula ugali wa watu wawili.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika herufi kubwa kama mtoto wa nasari, sababu itakuja.

Wamalwa amefika. Keziah alimwambia yote kabla hajavua koti. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Wakaniita. Nilidhani ni polisi — kumbe mwalimu anataka kujua moshi wa kuni gani! Saa nzima ameniuliza habari ya mafuta ya ng'ombe, akiandika. Hakuna aliyewahi kuniandika.

Bakuli limerudi dirishani, na Keziah ameandika kadi mpya kwa mkono wake. Jina langu liko, naona ile O kubwa. Yaliyobaki ni sisimizi. Wageni wanasoma, wananigeukia. Mama mmoja amenipa mkono. Mwingine amehamisha mkoba upande wa pili!

Sasa ni mchongaji ama ni mwizi? Kumuuliza Keziah naona haya. Wamalwa ameenda. Opiyo hataki kunisomea, eti nimemharibia mvua yake.

Na miwani yangu iko na yeye! Jana usiku aliazima asome hotuba ya kukaribisha mgeni. Dakika tano, alisema.

Opiyo mwanangu, hotuba ulishasoma, mgeni ameshafika Nairobi. Lete miwani.