Msalaba wa Nyasi wa Bibi Nora

Kilburn, Januari 1999

Mama, shikamoo. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno, lakini mimi na mjukuu wako Amani tu wazima.

Jana nilishuka kwa jirani yetu wa chini, Bibi Nora, mzee wa Ayalandi, nikamkuta jikoni anasuka msalaba wa nyasi. Kwao huutundika juu ya mlango Februari ikiingia, ulinde nyumba. Nyasi huletewa na kaka yake kutoka kinamasi cha shambani kwao, ambacho amekataa kukikausha kwa sababu ndege wanataga humo.

"Kinamasi kimepata mlinzi," aliniambia. "Usukaji huu ndio hauna mtu. Mjukuu wangu hautaki."

Mjukuu mwenyewe, Orla, alikuwa pale pale mezani anakula mkate.

Nikaomba kujaribu, nikajigamba kwamba mama yangu husuka mikeka. Nilivuta kama navuta ukili, nyasi zikakatika. Nikarudia, kikatoka kitu kama kiota cha kunguru. Orla akashindwa kuvumilia. Alizichukua nyasi mikononi mwangu, akakunja, akageuza, akafunga ncha zote nne upesi upesi.

"Nani kakufundisha?" bibi yake akauliza.

"Wewe. Nakutazama kila mwaka."

Bibi Nora akainuka kwenda kujaza maji birika ambalo lilikuwa limejaa tayari, akasimama kule ametugeuzia mgongo.

Mama, nikirudi nifundishe kusuka upya tangu mwanzo. Safari hii nitakaa nimalize. Ulale salama, na magoti yako yapate nafuu.

Mwanao,
Neema