Jino Limevunjwa na Uzi, Lawama Nimeyatupia Maharage

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, tena naomba uwahi, maana siku yangu ya kukatwa fizi ni Alhamisi ijayo na mpaka naandika hapa sijajua kama nitakwenda au nitajificha.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na minne, fundi cherehani, nina karakana yangu ya vyerehani vitatu na mafundi wawili wanawake watu wazima wenye akili zao, mume wangu ni msoma mita mstaafu mwenye maneno mengi na moyo mzuri, nyumbani tunaishi na mwanangu wa kiume pamoja na mkewe, na kusema kweli, mshauri, nisimkufuru Mungu, maisha yangu ni mazuri, nakula, nalala, nacheka, na huyo mkaza mwanangu huu ni mwaka wa tatu tunaishi naye hatujanuniana hata siku moja, mpaka majirani wananiuliza nimemlisha nini. Ndiyo maana jambo hili linaniuma sana.

Karakanani kwangu kuna sheria moja, nimeiandika mwenyewe kwa chaki ubaoni: HAPA UZI HAUKATWI KWA MENO. Atakayekamatwa anafagia karakana wiki nzima, vipande vya vitambaa, nyuzi, vumbi na yote, na hao mafundi wangu nimeshawafagiza mara nyingi bila huruma. Sasa mwezi uliopita tulikuwa tunamalizia makoti ya wahudumu wa hoteli, nimebakiza kifungo cha mwisho, uzi wenyewe ule mgumu wa nailoni, mkasi uko upande wa pili wa meza, mafundi wote wawili wamenipa mgongo, nikasema moyoni aah, mara moja tu, nikauma, nikavuta, nikasikia ka! Kipande cha jino kikaangukia kwenye koti. Ni jino la juu, la pili kutoka katikati, upande wa kulia. Na hiyo "mara moja tu" nayo ni uongo, mshauri, maana miaka thelathini nimekuwa nikikata uzi kwa meno kila ninapoona hakuna anayenitazama.

Nikafunga mdomo. Kutwa nzima sikusema neno, mafundi wakadhani nimekasirika, wakashona kwa adabu ambayo sijapata kuiona. Kipande nikakifunga kwenye kitambaa cha bitana nikakitia mfukoni, nikarudi nyumbani nikiwaza nitasema nini, kwa sababu mume wangu angeisikia tu habari hiyo angekwenda kuwahadithia mafundi wangu kesho yake asubuhi. Jioni mkaza mwanangu akatuandalia maharage, matamu kama kawaida yake, na kijiko cha pili nikajikuta nimeshika shavu napiga kelele, "Mamaa! Jiwe!" Kisha kile kipande nikakionyesha kiganjani kama ndiyo kwanza kimetoka mdomoni. Sijui kipaji hicho nilikitoa wapi. Mume wangu akaipekua sahani yangu kwa uma akitafuta jiwe, asilione, mwishowe akaamua kwamba nimelimeza.

Mkaza mwanangu kazi yake ni kukagua vidonge kwenye kiwanda cha dawa. Anakaa mbele ya mkanda unaopitisha vidonge, chenye ufa au doa anakitoa, na ana vyeti viwili vya kazi nzuri vimetundikwa sebuleni. Mtu wa namna hiyo leo anaitwa Mama Kokoto. Alianza mume wangu kwa utani, mwanangu akadakia, binti zangu wawili walioolewa, yaani mawifi zake, wakalisikia na sasa wanampigia simu kabisa, "Hujambo Mama Kokoto, leo unatupikia kokoto za kuchemsha au za kukaanga?" Yeye hucheka. Lakini wiki iliyopita niliingia jikoni ghafla nikamkuta ameyamwaga maharage kwenye sinia, najua ilikuwa mara ya tatu kwa sababu mara mbili za kwanza nilizisikia nikiwa sebuleni, taa ameiwasha mchana, anayasogeza moja moja kwa kidole, na hakuwa anacheka. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani, nikajiona mtu mbaya.

Daktari wa meno, binti mmoja mpole mwenye mikono midogo, alinikagua akanieleza kwamba mzizi ni mzima kabisa, ila jino limevunjikia karibu na fizi na upande mmoja limezama chini yake, hakuna pa kushikia kofia ya jino, kwa hiyo itabidi anichome sindano nisisikie maumivu, akate fizi kidogo na pengine achonge mfupa kidogo sana ili jino lionekane zaidi, ashone, tungoje wiki kadhaa fizi ipone, ndipo alivishe kofia. Nilimwelewa upesi kuliko alivyotegemea, maana ni kama suruali iliyokatwa fupi, lazima ufumue pindo upate kitambaa cha kushika. Kisha akasogeza kioo chake kidogo, akatabasamu.

"Mama ni fundi cherehani, eti?"

Nikaguna kumuuliza amejuaje.

"Jino la pembeni lina kijipengo cha uzi. Meno ya mafundi nayajua. Hili nalo limevunjwa na uzi, sivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa, ningefanya nini na mdomo uko wazi?

Akaniambia siku ya kukatwa nije na mtu wa nyumbani, aingie ndani pamoja nami, aelezwe namna ya kunitunza. Nyumbani hata sijamaliza kuwaeleza hilo, mkaza mwanangu akasema, "Mama, nitakusindikiza mimi. Kazini naomba ruhusa. Maharage yalikuwa yangu." Ruhusa amepata, na kidaftari amenunua, ameandika maswali ya kumuuliza daktari. Nikachungulia. Swali la kwanza kabisa: "Je, jiwe dogo linaweza kuvunja jino lisilo na kasoro?"

Mshauri, yule daktari atajibu! Atajibu kwa sauti yake ile nzuri, na mimi nimelala pale nimeachama. Sasa jirani yangu muuza vitambaa ananiambia ipo zahanati anayoijua, unaingia, unang'olewa, unatoka na pamba mdomoni, hakuna kusindikizwa wala kuulizana, na eti mwanamke wa umri wangu pengo halimzuii kitu. Nami kisu cha fizi nakiogopa pia, sitakuficha. Je, ning'oe tu mambo yaishe? Au nitafute mtu mwingine wa kunisindikiza? Huyu mtoto sitaki kumpoteza. Nisaidie.

Ni mimi,
Fundi Niliyefunga Mdomo

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole kwa jino. Hiyo pole iweke vizuri, maana nyingine hutaipata kwangu hivi karibuni.

Nimecheka ulipokitoa kipande kiganjani, sikatai. Nilipofika kwenye lile sinia sikucheka tena. Na wewe hukucheka, ulikwenda ukakaa kitandani, kisha ukachukua kalamu ukaniandikia mimi nisiyekujua. Kwa hilo nakupa heshima yangu.

Tuanze na jino kwa kuwa ndilo jepesi. Mimi si daktari, lakini fizi nimekatwa, jino la nyuma, miaka sita iliyopita, kisa mfupa wa kuku na uroho. Kilichouma ni sindano, tena kwa kuhesabu mpaka tano. Baada ya hapo nilisikia mikono ya daktari ikienda na kurudi mdomoni mwangu, maumivu sikuyasikia. Shavu lilivimba siku tatu, nikanywa uji wa vuguvugu na kutafunia upande mmoja, nyuzi zikatolewa, nikasahau. Jino ninalo hadi leo. Wewe umeambiwa mzizi ni mzima kabisa, halafu unataka kuung'oa? Mteja akija kwako anataka kuchoma gauni zima kwa sababu mshono wa bega umeachia, utamjibuje? Zahanati ya jirani isahau. Yeye auze vitambaa. Kama kuna linalokutia shaka kuhusu hilo kisu, muulize daktari wako mwenyewe, ameshaonyesha kwamba anaona vizuri.

Ila kisu hukiogopi sana, nimekusoma. Unaogopa mkaza mwanao asije akasikia.

Sasa nikuulize. Huyu mtu anashinda kutwa akitazama vidonge vinavyopita mbio, chenye ufa mwembamba kama unywele anakinyofoa. Maharage yale aliyachambua kwa mkono wake. Mumeo amepekua sahani hakuona kitu. Na swali la kwanza kwenye kidaftari ni lile. Bado unadhani hashuku? Kwamba anajua habari ya uzi, sina hakika. Lakini kwamba jiwe halikuwepo, moyoni mwake analo jibu muda mrefu, na bado anakuita mama, na bado ameomba ruhusa kazini aje akae karibu yako. Angetaka kukuumbua angeuliza mezani, mbele ya mumeo. Amechagua kumuuliza daktari. Mimi nadhani anatafuta mtu mmoja tu wa kumwambia kwamba macho yake bado ni mazima.

Hapo ndipo ninapokulaumu, fundi. Kwako Mama Kokoto ni utani wa nyumbani. Kwa mtu ambaye macho yake ndiyo yanayomlisha, ni kumwambia kila siku kwamba hafai kazi yake. Wewe ukiitwa Fundi Pindo-Upande ungecheka mpaka lini? Na hao mafundi wako uliowafagiza bila huruma! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kutafuta msindikizaji mwingine ni ujanja ambao haukufikishi mbali. Mkaza mwanao atauliza kwa nini, nawe itabidi uzue jiwe la pili. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia mlangoni kwa daktari.

Gazeti hili linatoka Jumamosi. Una siku nne kabla ya Alhamisi, usizingoje ziishe. Mwite mkiwa wawili tu. Usizunguke na methali, usianze na "mwanangu, sisi binadamu..." Mwambie hivi: "Jino nililivunja kwa uzi karakanani. Maharage yako hayakuwa na jiwe. Nilikusingizia. Nisamehe." Halafu nyamaza. Mwache aseme yake, hata yakiwa makali. Na tafadhali usianze kulia wewe, maana atalazimika kukubembeleza, na zamu ya kubembelezwa ni yake. Akihitaji siku mbili za kukununia, mpe, mna deni la miaka mitatu ya kutonuniana.

Jioni hiyo hiyo rudia maneno hayo mezani, kwa sababu uongo uliusema mezani. Mumeo na mwanao wasikie. Binti zako wapigie simu mwenyewe, usimtume mtu. Wote waambie kwamba jina lile limekwisha, na atakayelitaja tena utamfungia mlango hata kama ni mumeo. Mumeo atakutania wewe sasa, atakutania mpaka mwakani, na habari ataipeleka karakanani kama unavyoogopa. Vumilia. Ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyaoga.

Karakanani usimngoje mumeo, mtangulie. Waambie mafundi wako Jumatatu asubuhi kabla hawajakaa, kisha shika ufagio. Fagia Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Ukishashonwa fizi usiiname wala kubeba kitu kizito mpaka daktari akuruhusu, siku zilizobaki utazimalizia ukipona, na usijali, watakukumbusha. Funga mkasi mdogo kwa utepe kwenye kila cherehani, uanze na chako, kwa sababu hiyo kofia ya jino nayo haitapona ikikutana na nailoni.

Alhamisi nenda naye. Mwache aingie na kidaftari chake aulize anachotaka, hata lile la kwanza akitaka kulisikia kwa daktari ni haki yake, nawe utakuwa huna cha kuogopa. Nina hakika nyumba yenu itabaki na furaha yake. Nyumba ambayo mkwe anaomba ruhusa kazini kwa ajili ya jino la mama mkwe haivunjwi na uzi.

Lakini kumbuka, pale kitini utachomwa ganzi, na kwa saa mbili tatu mdomo wako hautaweza kusema lolote la kueleweka, wakati yeye ameketi pembeni na kalamu mkononi akisubiri jibu. Leo mdomo unafanya kazi. Weka gazeti chini, umwite.