Memsahibu na Birika la Chai

Ketki, nimekwisha. Usicheke kwanza.

Si tuliahidiwa walezi wa kutushika mkono? Bango kubwa hapa ukumbini, chuo cha jeshi kizima, "Chuo hiki ni cha wote", na sisi wasichana sita tumesimama wima kama mishale. Mimi nikategemea rubani, au angalau meja wa kike.

Tumeletewa mke wa Kanali Thapliyal, mkuu wetu wa chuo. Mkewe! Na sari ya hariri na birika. Somo la leo: afisa wa kike anavyokaribisha wageni.

Akaniita mimi. "Binti, njoo umimine." Mimi, niliyewashinda wavulana wote kwenye shabaha juzi!

Mdomo ukaniponza. Nikasema, tena kwa sauti, "Memsahibu, nimekuja kusomea uafisa, sikuja kujifunza kuwa mke wa afisa."

Wavulana nyuma wakaguna. Shoga, nikajiona simba.

Hakukasirika. Hapo ndipo pabaya. Akatabasamu: "Mwanangu, nimesoma chuo hikihiki. Kwenye kozi yetu nilitoka wa kwanza. Kanali alikuwa wa arobaini."

Wa arobaini, Ketki! Na Kanali mwenyewe kakaa mstari wa mbele, anakagua viatu vyake.

"Nilipoolewa, mama mkwe akasema nyumba moja, afisa mmoja anatosha. Haya, mimina."

Nikalishika birika. Chai inafurika kwenye sahani, ukumbi mzima unanitazama.

Akaniinamia sikioni: "Jikaze. Mimi siku yangu ya kwanza ya kumimina sikumwaga hata tone."