Kurasa Zinazokutangulia

Mbugangari, Gisenyi
21 Novemba 1999

Kwa kaka Karangwa,

Nakusalimu. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Kigali. Sisi huku ni wazima. Mama kifua kimemwachia, anakula vizuri, na kanisani sasa anakwenda mwenyewe bila kushikwa mkono. Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea tangu utoto wetu Bukoba, maana kwa Kinyarwanda ningeandika maneno ambayo mama angeniamuru niyafute.

Barua yako nimeipata. Umeniomba nimchunguze mtu wa huku mpakani anayegawa bure programu ya kutafuta majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Unamwita mwizi. Unasema mtu akitafuta kwenye intaneti, kurasa zake zinatokea juu na yako inatokea chini kabisa, au haitokei. Unadhani ni mzungu fulani wa Goma. Umeandika kana kwamba umesahau programu hiyo ilitoka wapi.

Basi nikukumbushe. Niliiandika mimi, kwenye kompyuta ya parokia, baada ya kuona makarani wanavyoliandika jina moja kila mtu kivyake: huyu anatia R, yule L, mwingine anaandika kama Mfaransa. Niliitoa iwe huru. Yeyote aitumie, ainakili, airekebishe. Sharti langu lilikuwa moja, kwamba akimpa mwingine ampe pia msimbo wake, yale maandishi ya ndani, yakiwa wazi kama nilivyoyaacha. Wewe uliichukua katika disketi yangu hapa hapa sebuleni kwa mama. Ukauficha msimbo, ukaandika jina lako, ukatia kufuli ili muda aliolipia mnunuzi ukiisha programu ikatae kufunguka. Nilipolalamika uliniambia kitu cha bure ni kitu cha kuokota. Mama akalia, akaniomba nisigombane na kaka yangu. Nikamtii. Ukadhani nimeacha.

Sasa nisikilize. Kuna mama anaitwa Nyirarukundo, anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, huku kwetu. Mwaka 1996, vita vilipoanza ng'ambo, alikuwa Goma kwa dada yake, na katika kukimbia akapotezana na binti yake Liliane, mtoto wa miaka mitano. Tangu hapo, kila akimaliza kuuza, alipita kwenye ofisi moja ya watoto iliyonunua programu yako, mikono bado inanuka samaki, kumuuliza karani Sebagabo kama kuna jipya. Tangu Pasaka Sebagabo akawa anamjibu hakuna. Hakumwambia kwamba kompyuta yake inaonyesha maneno yako tu: muda umekwisha, wasiliana na mwenye programu. Aliona aibu. Mkubwa wake alikuwa amekuandikia, na hukumjibu.

Mwezi wa tisa ikaja barua pepe kutoka Bukavu, ya sista mmoja anaitwa Dative, anayelea watoto waliookotwa njiani. Alikuwa akitafuta kwenye intaneti namna ya kulinganisha majina yaliyoandikwa vibaya, akakuta ukurasa unaoeleza jambo hilo hilo. Akachukua programu bure, akaingiza majina ya watoto wake, akayatuma. Utauliza kwa nini aliyatuma kwangu. Kwa sababu mtu unayemtafuta ni mimi, Karangwa. Hakuna mzungu. Ni mdogo wako.

Na wala sikukuroga. Kurasa zako ni picha tupu, hata maneno umeyachora, na mitambo ya kutafutia haisomi picha. Halafu ukarundika neno "watoto" kwa herufi nyeupe juu ya nyeupe, ukidhani utaidanganya. Mimi nilikaa nikajiuliza sista au karani mwenye shida ataandika maneno gani, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda. Kila swali nikaliandikia ukurasa wake, maandishi ya kawaida, kichwa kikitaja jambo lenyewe. Padri akiniachia simu ya ofisi naiunganisha na kompyuta, napiga Kigali, naziweka kurasa kwenye intaneti. Misheni za Kigoma na Uvira zikaweka kwenye tovuti zao viungo vya kuja kwangu. Ndiyo siri yote.

Katika majina ya Dative alikuwemo msichana Ririyani, mama yake Nilalukundo. Programu iliyalinganisha papo hapo na majina ya Liliane na Nyirarukundo wetu. Nikakimbia kwa Sebagabo na disketi yangu, tukafungua mafaili yake kwa programu isiyo na kufuli. Humo nikakuta jambo jingine. Dative alikuwa ameshawahi kuitumia ofisi ile majina yale kwa karatasi, na Sebagabo aliyaingiza siku chache kabla ya kufuli lako kufunga. Programu ilikuwa imeshampata mtoto, ila kufuli lilifunga kabla Sebagabo hajasoma jibu. Jibu lilikuwa mle ndani, limekamilika, siku zote hizo mama yule aliposimama mlangoni akiambiwa hakuna. Umeelewa, kaka? Haikukosea. Uliiziba mdomo.

Liliane alikuja kwa boti hadi Goma, tukampokea mpakani. Ana miaka minane. Alimpa mama yake mkono, akamwita Madame. Kinyarwanda kimemtoka chote. Nyirarukundo hakulia, alifungua kitenge chake akamfunika nacho mabega, kisha akanigeukia akauliza kwa nini imechukua muda mrefu hivi. Ningeweza kusema mashine iliharibika. Nilimwambia ukweli wote nikataja jina lako, na mama yetu alikuwa amesimama kando yangu anasikia.

Nyirarukundo alisema, "Bon. Umwambie mi simulaani. Lakini akifika Gisenyi, asipite ku meza yangu. Kufungia mutoto wa mutu!"

Mama hakukutetea. Ni mara ya kwanza.

Kwa hiyo usihangaike tena kumtafuta mwizi. Wote walionunua kwako nimewaandikia, nimewaonyesha pa kuipata bure pamoja na msimbo wake. Na nimeongeza ukurasa mmoja unaofundisha, hatua kwa hatua, jinsi ya kuvunja kufuli lako. Kichwa chake ni jina la programu yako. Jaribu kulitafuta leo jioni, utaona kinachotangulia.

Wasalimie watoto, waambie shangazi yao anawapenda na hili haliwahusu. Wifi mwambie kitambaa chake kiko kwa fundi. Mama anasema Krismasi nyumba iko wazi, ila utaanzia nyumbani kwa Nyirarukundo kumwomba radhi, na mama mwenyewe atakupeleka.

Ni mimi, mdogo wako,
Uwitonze