Sifuri Niliyompa Régine

Kisangani, Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Papa wangu,

Nakusalimu kwa heshima yote ya mtoto kwa baba yake. Mgongo unaendeleaje? Na lile jicho la kushoto lililokuwa linatoa machozi ukichora juani, limepona? Mimi niko, Mungu anasaidia. Malaria ilinishika mwezi uliopita, ikaniachia. Hii ni barua ya tatu, papa. Mbili za kwanza hukujibu, na nikipiga simu mama anasema umelala, hata kama ni saa nne asubuhi. Tangu nizaliwe sijakuona umelala saa nne asubuhi. Najua bado umenikasirikia, kwa hiyo safari hii nampa mwalimu mwenzangu anayerudi Lubumbashi kwa ndege, akuwekee barua mkononi.

Nakuwaza sana. Huku joto na mvua vinapokezana bila kupumzika, hata chaki zinalowana ndani ya boksi. Nawaza baridi yetu ya mwezi wa sita, wewe umevaa koti la mama kwa sababu lako limejaa rangi, unapiga mluzi huku unavuta mistari bila rula. Hapa wananilisha lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa mtoni. Ni tamu, siwezi kudanganya, lakini tumbo langu linadai bukari, ugali wetu wa nyumbani. Juzi mtu alipita na kopo la rangi ya mafuta limefunguka kifuniko, nikasimama katikati ya barabara kama mjinga, navuta ile harufu, na machozi yakanitoka. Kijana wa toleka, zile baiskeli zao za kubeba abiria, akaniuliza, "Madame, uko mugonjwa?" Nikamwambia hapana, nawaza kwetu tu.

Kazi yangu unaijua. Nafundisha kanuni za kupanga picha kwenye shule moja ya ufundi: mizani, mdundo, tofauti ya rangi, mahali jicho linapotua kwanza. Mdundo niliwafundisha kwa vikwembe, vile vitenge vya mama zetu. Kila mmoja alete kipande cha kikwembe kutoka nyumbani, tuhesabu ua linarudi baada ya nafasi gani. Walifurahi, mpaka mmoja akaleta kikwembe kizima cha mama yake, kipya, bila ruhusa, na mama mwenyewe akaja kukidai mlangoni huku somo linaendelea. Darasa zima lilivunjika mbavu. Mimi nilikunja uso, lakini ndani nilikuwa nacheka.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nishike kalamu.

Siku ya somo la mizani, préfet, ndiye mkuu wa shule yetu, alikuja kukaa nyuma ya darasa anisikilize. Nikataka kumwonyesha kwamba na mimi nimeshakuwa mtu wa mji huu. Nikachora pirogi, mtumbwi wao wa mtoni. Mpiga kasia nikamweka katikati kabisa. Mbele gunia moja, nyuma gunia moja, yanalingana kama mapacha. Nikasema: tazameni, upande huu na upande huu sawa, hiyo ndiyo mizani. Préfet akatikisa kichwa kukubali. Wote wakanakili, isipokuwa Régine.

Régine ni msichana mkubwa, nadhani miaka ishirini, mpole, familia yake imetoka Yanonge na sasa inaishi Lubunga, ng'ambo ya mto. Baba yake na baba yake mdogo wanavusha watu na mizigo. Ukurasa wake ulikuwa mweupe. Nikamuuliza kwa nini hachori. Akainamisha kichwa: "Nitafanya, Madame." Mimi nikaona ananidharau mbele ya mkuu wangu. Nikamwandikia sifuri palepale, na nikaitamka kwa sauti. Unanijua hasira zangu, zinawaka upesi. Alifunga daftari, basi.

Wiki ikapita. Ijumaa akanifuata nje: "Madame, kesho ukuye kwetu Lubunga. Mama atapika." Nilishangaa, nikakubali. Tulipofika mtoni tulimkuta yule baba yake mdogo, yeye anamwita tonton, anapakia magunia ya makala, mkaa wa kupikia, na mikungu ya ndizi. Nikapanda, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye ncha ya mbele, nione mto vizuri. Tena nikavuta gunia moja nikalileta miguuni kwangu. Tonton alinitazama tu. Pua ya mtumbwi ikazama, maji yakaingia, viatu vyangu vya kanisani vikaloa chapa.

"Madame," akasema taratibu, "mbele tunaacha bure. Kuya huku."

Akanikalisha chini, nyuma kidogo ya katikati, gunia karibu yangu. Yeye akasimama mwisho kabisa, nyuma. Pua ikanyanyuka juu ya maji, na mtumbwi ukatulia. Nyuma watu na mizigo, mbele hakuna kitu, na bado ulikuwa sawa kabisa. Tulipofika katikati ya mto ndipo nilipouona ule mchoro wangu wa ubaoni. Mtumbwi ule ungezama na magunia yote mawili, na mpiga kasia wangu pale katikati angeusokota tu kama mwiko kwenye sufuria.

Nikamuuliza Régine, "Ulijua siku ile?"

"Nilijua, Madame."

"Mbona hukuniambia?"

"Préfet alikuwa pale. Ningekupatisha haya mbele ya mukubwa wako. Nikasema, acha anipe sifuri, siku moja atapanda na sisi, ataona yeye mwenyewe."

Papa, tukafika ng'ambo. Mama yake alikuwa amepika samaki kwenye majani, lakini macho yangu hayakuwa kwenye sahani. Nilikuwa nakuona wewe, na lile bango ulilokuwa unaichorea famasia, duka la dawa.

Nilikuwa nimemaliza masomo, hata wiki mbili hazijapita. Umelilaza bango uani, mwenye famasia na majirani wamekuja kulitazama, na mimi nikatoka ndani na maneno yangu mapya ya shule. Nikasema halina mizani, kwamba umezibana herufi zote kushoto. Nikachukua chaki nikachora juu ya kazi yako. Yule bwana akacheka, akasema afadhali binti amalizie. Ulifuta brashi yako polepole, ukaingia ndani. Nilidhani nimeshinda. Nikaja huku Kisangani na bado nadhani nimeshinda.

Kule Lubunga ndiko nilikokumbuka nguzo ya umeme. Ipo mbele ya ukuta wa famasia, upande wa kulia, na mtu anayetoka sokoni haoni kilicho nyuma ya nguzo. Ndiyo maana ulisogeza herufi zote kushoto, sivyo? Mimi nililisahihisha bango likiwa limelala uani. Wewe ulishakwenda kusimama pale litakapotundikwa. Nimepita kwenye nguzo ile tangu utotoni na sikuiona. Miaka arobaini ya kazi yako, nami nikaifuta kwa chaki mbele ya mgeni. Nisamehe, papa. Naona haya kuliko ninavyoweza kuandika.

Jumatatu nilimwomba préfet arudi darasani. Nikamwita Régine ubaoni, nikasema mbele ya wote kwamba niliyekosea ni mimi, na sifuri ile ni yangu. Akachora mtumbwi wa kwao, pua tupu imenyanyuka, tonton amesimama nyuma. Hakuna aliyecheka. Préfet alitazama mchoro ule kwa muda mrefu, akauliza kama anaweza kuuacha ubaoni mpaka kesho yake.

Nisalimie mama, na umwambie dawa ya miguu aliyonitumia bado naipaka. Msalimie Deo kaka yangu, aache kumsumbua mkewe kuhusu chumvi. Tantine Charlotte, dada yako, mwambie namwombea kila siku kama nilivyoahidi. Nami nakuomba uniambie kama naweza kuja likizo kubwa. Usiponijibu sitakuja, maana nyumba ni yako.

Ombi la mwisho. Barua hii isibaki kwako peke yako. Mwite yule mwenye famasia, akae na majirani waliokuwapo uani siku ile, na Deo aisome kwa sauti, asiruke hata neno moja. Nilikuaibisha mbele yao, na ni mbele yao ninapotaka kukuomba msamaha.

Mwanao,
Furaha