Herufi za tovuti ya gesti

Mwanza, Jumanne, Novemba 1999

Huyu Deo, fundi wa kompyuta, simwamini. Nilichagua mwenyewe herufi za tovuti ya gesti yangu, nene, kama za bango langu. Wageni wakishuka melini, wapiga debe huwapeleka kwenye gesti ya jirani. Nataka wanijue kwa maandishi.

Leo nimeifungua tovuti hiyo kwenye kompyuta nyingine mjini. Herufi nyembamba, za kawaida kabisa!

Nikamwendea Deo. Akasema, "Mama, herufi zile ziko kwenye kompyuta yangu tu. Kompyuta isiyo nazo inaweka zake."

"Basi piga picha bango langu, uiweke hiyo picha."

Akajibu, "Hilo linawezekana, Mama."

Kama linawezekana, mbona hakuniambia tangu mwanzo? Na yule jirani, tovuti yake anatengenezewa na nani?