Kirumbi, Nukta Moja

Jumatatu, 3 Novemba 1997
Nimemaliza kuingiza majina ya vijiji vya Sagalla katika kompyuta ya ofisi ya dharura ya wilaya. Yaliyojirudia nimeyaunganisha: Kirumbi Juu na Kirumbi Chini sasa ni Kirumbi, nukta moja. Ramani imependeza. Ijumaa Bwana DC, mkuu wa wilaya, anakuja kuitazama. Naitaka mno kazi ya kudumu.

Jumanne, 4 Novemba
Nimepeleka nakala polisi, zimamoto na hospitalini. Kuanzia leo wote wanasoma ramani moja, nambari zilezile za mahali. Mzee Mwadime, dereva wa ambulensi, aliigeuza yake huku na huku.
"Madam Digrii, mlima umeupeleka wapi?"
Wenzake wakacheka. Nilimweleza kwamba zamani kila idara ilikuwa na mchoro wake, ndiyo maana walipotezana. Nilimwomba aifuate ramani. Kwa kweli nilimwamuru.

Jumatano, 5 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Saa nne, redio. Naibu wa chifu: ukuta umemwangukia Mama Wakesho, mkulima, Kirumbi Juu. Yu hai, amebanwa miguu. Katika ramani kuna Kirumbi tu. Nikawasomea nambari kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Magari yote matatu yakaondoka.

Saa tano kasorobo, Mwadime: "Tumefika kwa nambari yako, madam. Hapa ni mbuzi tu."

Kirumbi Chini. Barabara ya Juu hupandia upande wa pili wa mlima. Zamani angalau mmoja wao angeshika njia yake, akafika. Mimi nimewapoteza wote kwa pamoja.

Nilisema redioni, idara zote zikisikia: kosa ni langu, zungukeni, pandeni Juu. Mwadime hakunitania. Hilo liliniumiza zaidi. Walifika saa saba. Sijala.

Alhamisi, 6 Novemba
Mama Wakesho yu hai. Mguu wa kushoto umekatwa. Daktari anasema labda ungepona kama angefikishwa mapema. Sikumwuliza mara ya pili.
Nimemwandikia Bwana DC ripoti ya kosa langu. Sikutaka. Nimeipeleka.

Ijumaa, 7 Novemba
Ziara imeahirishwa. Habari ya kazi hakuna aliyeitaja. Mzee Mwadime alivuta kiti karibu na kompyuta, akanitajia vijiji vya Sagalla kimoja kimoja. Kila kimoja nilimwuliza: juu au chini? Tulipofika Kirumbi aliningoja. Nikaweka nukta ya pili. Nikaandika Juu. Herufi tatu.